Stefano Kobelo na Ubatizo wa Mtani Wake

Siku hizi mtu akifa huku kwetu milimani huletwa viti vya kukodi na kipaza sauti, na anayecheka hufukuzwa. Watani hawaonekani. Ukiwauliza vijana mtani wao ni nani, watakutajia timu ya mpira. Sina haja ya kubishana nao. Naandika habari za Stefano Kobelo kwa sababu waliomjua wamekwisha, na kwa sababu mtu asiyeujua utani hawezi kuelewa kwa nini Stefano aliipoteza kazi yake. Mengi niliyapata kwa dada yake, Chausiku, aliyekufa mzee sana huku akili zake zote zikiwa kichwani.

Stefano alizaliwa Lumbasi, kwenye miteremko ya juu ya Mgeta, kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Morogoro. Alipokuwa kijana alishuka misheni kubeba mawe ya kujengea kanisa. Huko akabatizwa, akafundishwa kusoma, na mapadre walipoona kwamba ameishika katekisimu nzima kwa kichwa, swali na jibu lake, wakamrudisha kwao awe mwalimu wa dini. Hakuwa padre wala bruda. Alikuwa mkulima wa maharage na magimbi, mume wa Felista, ambaye Jumapili alivaa kanzu nyeupe.

Padre alifika Lumbasi mara nne kwa mwaka. Ilikuwa safari ya siku nzima ya kupanda kwa miguu, na wakati wa masika ilikuwa siku mbili. Siku nyingine zote Stefano ndiye aliyekuwa kila kitu. Aliongoza sala za alfajiri, akafundisha katekisimu, akasuluhisha ugomvi wa mipaka, na jioni alishuka bonde na kupanda lingine kwenda kuwatazama wagonjwa. Kanisa lilikuwa banda la miti na udongo lililoezekwa nyasi, na watu walikaa juu ya magogo. Kengele hawakuwa nayo. Mwaka ule reli ilipofika Morogoro, Stefano alishuka na wanaume watatu, wakaomba kipande cha chuma cha reli kilichokuwa kimetupwa, wakakipandisha mlimani kwa siku nne wakipokezana mabegani. Walikitundika nje ya kanisa juu ya miti miwili, na Stefano akawa anakigonga kwa nyundo. Kilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Ng'ambo ya mto ndiko alikokaa Pazi, mtani wake.

Ukoo wa Pazi na ukoo wa Stefano walikuwa watani tangu mababu. Mtani akimkuta kuku wako uani humchukua, na wewe huna ruhusa ya kununa. Yeye hukutukana mbele ya wakwe zako. Ukiugua huja kukucheka, maana wazee waliona kwamba mgonjwa anayeliliwa na kila aingiaye hukata tamaa upesi. Ukifa yeye ndiye anayechimba kaburi, na hulala ndani yake akakataa kutoka mpaka apewe haki yake. Na neno alilolisema katika utani halishikwi. Hakuna mzee wala jumbe aliyeweza kumhukumu mtu kwa neno la utani. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na kila mtu aliijua.

Pazi alikuwa na wake wawili. Wa kwanza aliitwa Mwaisha, wa pili alikuwa Chausiku, dada yake Stefano. Wanawake hao walilima shamba moja na walielewana kuliko ndugu wengi. Hakuna kati ya watu wa nyumba hiyo aliyekuwa amebatizwa. Kila Jumapili baada ya sala Pazi alivuka mto makusudi kuja kusimama kando ya kanisa.

"Mtani," aliita, "huyo Mungu wako ni kiziwi? Mbona unampigia chuma kiasi hicho?"

"Nampigia kwa sababu yako," Stefano alijibu. "Namwonyesha mwizi wa kuku alipo."

"Endelea tu. Siku nitakayokufa ndiyo siku utakayonipata."

Watu walicheka, wakaenda zao. Felista alisema kwamba Stefano alimwombea Pazi kila siku, kwa jina lake, na kwamba katika maombi hayo hakuwa na mzaha.

Masika ya mwaka 1910 Pazi alinyeshewa siku nzima shambani. Akashikwa na homa ya mapafu. Siku ya sita alikuwa anatema makohozi yenye rangi ya kutu, na midomo imegeuka rangi. Ndugu zake walishaanza kuulizana ni nani atakayekwenda kuwaita wa mbali. Asubuhi ya siku ya saba Chausiku alimtuma mtu kwa kaka yake.

Nyumba ilikuwa imejaa. Stefano alisimama mlangoni.

"Bado hujafa tu?" akasema, kwani hivyo ndivyo mtani anavyobisha hodi kwa mgonjwa.

"Nakungoja utangulie," Pazi akajibu. Sauti ilikuwa ndogo sana.

Stefano akaketi kando ya kitanda. Akamshika mkono, akausikia ulivyo wa moto. Mapadre walikuwa wamemfundisha la kufanya. Mtu aliye katika hatari ya kufa, na padre yuko mbali, mwalimu anaweza kumbatiza, ila lazima amwulize kwanza kama anataka na kama anasadiki. Na akiwa mwenye wake wawili, amwulize na swali la tatu.

"Pazi, unataka ubatizo?"

"Nataka. Nipe jina la Mzungu mnene, nikifika huko wanipishe njia."

Watu wakacheka.

"Unasadiki Mungu mmoja aliyeumba mbingu na nchi?"

"Nasadiki. Wangekuwa wawili wangegombana kwa kelele za chuma chako."

Stefano akauliza la tatu. "Ukipona, utamwacha mke wa pili, ubaki na yule wa kwanza?"

"Mchukue dada yako hata leo. Anakula kama nzige."

Chausiku alikuwa ameshika kichwa cha mumewe mapajani. Aliniambia kwamba alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha hakujua tena kama ni machozi ya kucheka. Alipoinua macho alimwona kaka yake amechota maji kwa kata kutoka mtungi wa Mwaisha. Akayamwaga mara tatu kwenye paji la uso la Pazi, akitamka maneno yanayotamkwa. Alimpa jina la Yosefu, msimamizi wa wanaokufa vizuri. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Stefano akarudi nyumbani akaandika katika daftari la wabatizwa: siku, jina, ukoo, na maneno "hatari ya kufa, aliulizwa, aliitika."

Kesho yake asubuhi Pazi alitoka jasho jingi, akalala usingizi, na alipoamka akaomba uji.

Hakuna aliyekuwa na furaha kumzidi Stefano, kwa muda wa siku tatu hivi. Pazi alipopata nguvu alianza kutembea akijiita Yosefu wa wake wawili. Alikwenda kwa Stefano akachukua jogoo, akasema ni haki ya Mkristo mpya. Ilikuwa utani kama wa siku zote. Lakini jumbe wa pale, Rehani, alikuwa Mkristo, na kwake neno la Padre lilikuwa sawa na neno la bomani. Yeye hakucheka. Alimwita Pazi, akamwambia mbele ya watu kwamba jina lake limo katika daftari, na Padre akija Chausiku atarudishwa kwao, naye Rehani mwenyewe atasimamia. Pazi alirudi kwake bila kutania. Mwaisha alilia, akauliza ni nani atakayelima naye sasa.

Zilibaki wiki tano Padre afike. Chausiku alivuka mto na wanawe watatu, wa nne akiwa tumboni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuuliza. Siku ile, Pazi alikuwa anasema kweli au alikuwa anatania?"

"Alikuwa anatania."

"Basi mwambie Padre hivyo."

Stefano alikuwa anachagua mbegu za maharage. Akaendelea kuchagua. "Nikimwambia hivyo ataniuliza kwa nini nilimwaga maji. Ubatizo si kitu cha kuchezea. Mwalimu aliyebatiza mtu kwa mzaha, naye akijua, hafundishi tena."

"Na ukisema aliitika?"

"Nitabaki kazini. Nawe utarudi hapa."

"Mimi nirudi. Na hawa?" Akawaonyesha watoto. Kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo watoto wale walikuwa wa ukoo wa Stefano, na hakuna mtu aliyekuwa na wajibu kwao kumzidi yeye, mjomba wao. Wangekaa kwake, wangekula kwake. Lakini baba yao angekuwa ng'ambo, wakimwona kila siku akilima, na mama yao amekatazwa kuvuka.

"Wapo wanaosema uifute ile karatasi," Chausiku akasema.

"Nimelisikia hilo."

"Huwezi?"

"Naweza. Wembe wa kukwangulia wino ninao."

Hakuifuta. Felista alisema kwamba katika wiki zile tano alilifungua daftari mara nyingi, akalitazama, akalifunga. Alifanya kazi zake kama kawaida. Alifundisha wanafunzi kumi na wanane waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo siku ile ile Padre atakapofika. Alijua kila mmoja anakosea swali gani.

Padre Klementi alifika siku ya Ijumaa. Alikuwa mtu mwenye ndevu nyekundu, mpole kwa kiasi chake, aliyeijua lugha ya Kiswahili kuliko Wazungu wengi na aliyekuwa amekaa miaka tisa katika milima hii. Jumamosi, baada ya misa, aliwabakiza Rehani, Stefano na Pazi. Watu wengine walitoka wakasimama nje ya kuta, na kuta zile zilikuwa na matundu.

Pazi alihojiwa kwanza. Alisema alitania.

"Kila mwenye wake wawili husema hivyo akishapona," Padre alisema bila hasira. "Nimelisikia Matombo, nimelisikia Mlali. Neno lako haliwezi kunitosha. Nitamwuliza aliyekubatiza. Stefano, aliitika?"

"Aliitika, Padre."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na swali la wake?"

"Aliitika."

Rehani akatikisa kichwa kukubali. Padre akachukua kalamu. Chausiku alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Aliniambia kwamba hakumlaumu kaka yake hata wakati ule. Alikuwa ameanza kufikiri ni vyombo gani ni vyake na ni vipi vya Mwaisha.

"Aliitika kwa utani," Stefano akasema.

Padre aliinua macho. "Utani ni mzaha."

"Si mzaha tu, Padre. Huyu ni mtani wangu. Ukoo wake na wangu. Mtani anapokujibu katika ugonjwa hushiki alichosema. Hata angesema ameua mtu, hushiki. Ni desturi yetu."

"Miaka tisa sijaambiwa desturi hiyo."

"Hukuuliza, Padre."

Nje mtu mmoja alicheka, akazibwa mdomo.

"Na wewe," Padre akasema polepole, "ulijua kwamba anatania?"

"Nilijua."

"Tangu neno la kwanza?"

"Kabla ya neno la kwanza. Kama angenijibu bila kunicheka ningejua akili zimekwishamtoka."

"Basi kwa nini ulimbatiza?"

Pazi alikuwa anatazama chini.

"Alikuwa anakufa," Stefano alisema. "Nilifikiri nikifika huko mbinguni sitamkuta. Nikaona afadhali nidanganye."

Padre aliweka kalamu. Kisha akasema, "Ungesema aliitika, ukanyamaza hapo, ningekuamini."

"Najua. Na dada yangu angefukuzwa kwa uongo wangu."

Padre akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la Yosefu Pazi, akaandika kando yake maneno ya Kilatini. Kisha akamwambia Stefano kwamba hawezi kumwacha awe mwalimu. Mtu aliyeifanyia sakramenti jambo kama lile, akijua, hawezi kuwafundisha wengine, wala kuongoza sala mbele ya watu, wala kubatiza. Anaweza kuja kanisani kama Mkristo mwingine yeyote, na kitubio chake atapewa. Alisema haya kwa sauti ya mtu anayeumwa. Stefano akavua kanzu, akaikunja. Chini alikuwa amevaa kaniki ya shambani. Akaweka juu ya meza kanzu, katekisimu na nyundo.

Kesho yake, Jumapili, wale wanafunzi kumi na wanane walibatizwa. Stefano alikaa kwenye gogo la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mmoja wao alipokosea jibu, midomo ya Stefano ilicheza, lakini hakutoa sauti.

Chausiku alivuka mto akarudi kwa mumewe. Mtoto wa nne alizaliwa huko.

Misheni ilimleta mwalimu mwingine, Fransisko, kijana aliyesoma pwani na kuandika mwandiko mzuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wa kwanza wa aina ya watu ambao sasa tunao wengi, wanaojua kilichoandikwa na wasiojua kingine. Alikataza watani kuingia kwa wagonjwa na kucheza makaburini, akasema ni ushenzi. Watu walimtii mbele yake. Wakiugua walimwita Stefano kwanza. Naye alikwenda, akakaa, akashika mkono, akawachekesha waliokuwa watani wake na kuwanyamazia wasiokuwa. Mgonjwa akitaka ubatizo, Stefano alimtuma mtu mbio kwenda kwa Fransisko. Mara moja Fransisko alichelewa kwa sababu ya mvua, na bibi mmoja aliyekuwa ameomba ubatizo kwa nia safi alikuwa anakata roho. Stefano alimmwagia maji. Walikuwamo watu wanane ndani, na hakuna aliyelisema jambo hilo mpaka Padre Klementi alipoondoka nchini.

Pazi naye alibadilika. Aliendelea kuchukua kuku, lakini Jumapili hakuja tena kusimama kando ya kanisa. Kwa miaka sita hakukitania kile chuma.

Kisha vita ikaja. Mwanzoni ilikuwa habari ya mbali. Mwaka 1916 askari walipanda mpaka Lumbasi kutafuta wapagazi. Wanaume walijificha misituni. Fransisko, aliyedhani kanzu itamlinda, alichukuliwa, akatwishwa mzigo wa risasi, akaenda kusini, na hakurudi. Mapadre wa misheni walizuiwa wasitembee. Wajerumani walipita juu ya milima wakirudi nyuma, na yaliyobaki mashambani wakayala. Kwa Jumapili saba hakuna aliyegonga chuma. Watu wachache walimwendea Stefano nyumbani.

"Nimekatazwa," akawaambia. "Aliyenikataza hajanifungulia."

"Padre mwenyewe yuko wapi?"

"Popote alipo. Neno lake liko hapa."

Walirudi wamekasirika. Mmoja alisema mbele ya Felista kwamba kiburi ndicho kinachomsumbua.

Jumapili ya nane asubuhi chuma kililia. Kiligongwa vibaya, bila mpango, kama mtu anayefukuza nyani. Stefano alitoka mbio kutazama ni nani. Alimkuta Pazi ameshika nyundo. Alikuwa ameichukua nyumbani kwa Fransisko, pasipo mtu.

"Weka hiyo," Stefano akasema.

"Siweki."

"Pazi, nimekatazwa kazi hii."

"Umekatazwa wewe. Mimi ni mpagani, nina wake wawili, nani amenikataza? Mimi napiga chuma changu. Watu wakija, hilo si shauri langu."

"Na wakija watafanya nini?"

"Hilo nalo waulize wao. Wewe si umeruhusiwa kuja kanisani kama mtu mwingine? Nenda kwenye gogo lako. Kuna padre aliyemkataza mtu kusali gogo la nyuma?"

Stefano alimtazama. Watu walikuwa wameanza kushuka kutoka vijijini, wanawake mbele, wanaume wakichungulia kwanza kama askari wapo. Chausiku na Mwaisha walikuwa wamevuka mto pamoja, na wote wawili walikaa kwenye nyasi nje, kwani walikuwa hawajawahi kuingia.

Stefano aliingia. Hakwenda mbele. Aliketi kwenye gogo lake karibu na mlango, na watu waliketi kwenye magogo yao wakitazama meza tupu. Kisha Stefano akafanya ishara ya msalaba na kuanza kusali rozari, kwa sauti ya mtu anayesali peke yake, bila kusimama, na watu waliokuwa mbele yake wakaitika bila kugeuka.

Pazi alikuwa amesimama mlangoni na nyundo mkononi.

"Sauti, mtani!" akasema. "Huku nje hatusikii."